Mwanza Hadi Bukoba: Ziwa Moja, Njia Tatu

Ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani, kutoka kiwanja cha ndege cha Mwanza hadi kile cha Bukoba, utapata kilometa zipatazo 175. Karibu mstari wote unapita juu ya maji ya Ziwa Victoria. Lakini mfanyakazi aliyepata likizo fupi, au aliyeletewa habari ya msiba nyumbani, hasafiri juu ya ramani. Yeye huuliza: nitafika lini?

Njia ya barabara huzunguka ziwa kupitia Sengerema, Geita, Chato na Muleba, nayo ni zaidi ya kilometa 400. Zamani abiria walisubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 wanavuka kwa daraja lenye urefu wa kilometa tatu hivi. Hata hivyo, safari hiyo hula sehemu kubwa ya mchana. Meli nayo huchukua usiku kucha. Wazee wangali wanakumbuka Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuangamiza mamia ya watu.

Ndege ya abiria yenye mapanga hukimbia kilometa 500 hivi kwa saa. Kwa hesabu ya darasani ingefika kwa dakika 21. Mbona basi ratiba huonyesha kama robo tatu ya saa? Sababu ni kwamba ndege haikimbii hivyo tangu inapowashwa. Huenda polepole hadi mwanzo wa njia yake, hupanda, husafiri kidogo tu kwa mwendo kamili, kisha huanza kushuka na kujipanga ili itue. Safari ikiwa fupi, shughuli hizo ndizo zinazokula muda.

Abiria wa dirishani huyaacha majabali ya Mwanza, na kabla hajaizoea rangi ya maji, hukiona Kisiwa cha Musira na migomba ya Bukoba. Kiwanja kimejibanza kati ya mji na ziwa, na ncha moja ya njia ya kutulia iko jirani kabisa na maji. Hapo mvua na ukungu ndivyo vyenye kauli ya mwisho. Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, na 24 wakanusurika. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuwaokoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku rubani atakapotangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, usinung'unike. Kilometa 175 hazitaongezeka kwa kungoja, na wanaokusubiri Bukoba wanataka ufike salama.