Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Nikisema nasomea uhandisi na kwamba tunapima milima kwa kompyuta, swali la kwanza huwa ni moja: sasa inakuambia mlima utaporomoka lini? Hapana, siku haikuambii. Inakuambia mlima umebakiza nguvu kiasi gani za kujishikilia.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Chukua nguvu zinazoshika udongo, yaani msuguano, mnato na mizizi. Gawanya kwa nguvu inayouvuta kwenda chini. Jibu likizidi 1, udongo unakaa. Likipungua, unaondoka.

Sasa tia maji. Udongo wa kichanga usionata, kwenye mteremko wa nyuzi 30, ukiwa mkavu unaweza kupata 1.2. Ukijaa maji mpaka juu, unashuka hadi karibu 0.6. Maji yanasukuma chembe zisigusane vizuri, basi msuguano unapungua. Ndiyo maana misiba hii huja na mvua. Novemba 2009, wakati wa vuli, maporomoko yaliua watu zaidi ya 20 Mamba Miamba, wilayani Same. Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, wakafa zaidi ya 80.

Baba yangu ni wa Upare. Shangazi bado anaishi kule juu, nyumba imeegemea mlima kabisa. Kwa hiyo niliuweka mteremko wake kwenye kompyuta. Ramani ya bure ya miinuko, iliyopimwa kutoka angani mwaka 2000, imekatwa viboksi vya mita 30 kwa 30. Kiboksi kimoja kinameza nyumba, zizi, migomba na makaburi ya babu na bibi, vyote vikawa namba moja tu. Udongo una kina gani? Maji yanapita wapi? Ramani haisemi. Nikampigia.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hamjambo huko kwenye baridi?”

Kiswahili cha kwetu hapa ni cha salamu, chakula na kugombezwa. Cha udongo hatukufundishwa. Nikauliza kama kuna mahali ardhi imefunguka, kama mstari mrefu.

“Ufa? Upo, juu ya migomba. Tangu masika.”

Na chemchemi?

“Siku hizi mvua ikinyesha inatoa maji ya tope. Zamani haikuwa hivyo.”

Dakika mbili tu, na nikapata mambo mawili ambayo ramani haikuyaonyesha. Nilipoyaingiza, jibu la wakati wa mvua kubwa likashuka chini ya 1.

Nikamwambia ahame. Akanyamaza kidogo. “Nihamie wapi, na haya makaburi nimwachie nani?” Kwa hilo sikuwa na namba.

Tukakubaliana kinachowezekana. Amepigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kila Jumamosi anapima kati yao kwa futikamba na kunitumia sauti WhatsApp. Ufa wenyewe ameushindilia udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiingie. (“Usipoziba ufa,” alianza, akacheka, hakumalizia.) Mvua ikipiga mfululizo, au vigingi vikiachana, analala kwa jirani ng’ambo ya bonde, hata kama jua limetoka asubuhi, kwa sababu maji huendelea kuzama ardhini mvua ikishakatika.

Wenye ndugu milimani, mkipiga simu msiishie kwenye “habari za huko”. Ulizeni: kuna ufa mpya? Miti au nguzo zimeinama? Mlango umeanza kukwama? Maji ya chemchemi yamebadilika? Maswali hayo yanaingia kwenye hesabu, na anayeweza kuyajibu ni mtu aliyeko pale.

Jumamosi iliyopita shangazi alisoma sentimita 64, sawa na wiki iliyotangulia. Vuli ndiyo inaanza.