Sweta ya Tengeru

Mmekuwa mkituuliza tutarudi lini, na kama tumesharudi, mbona hatuonekani Unguja? Tumerudi, ila si nyumbani. Tuko Nduruma, chini ya Mlima Meru, tunasubiri mtoto.

Sote wawili tulizaliwa mjini Unguja, mmoja Malindi, mwengine Jang'ombe. Miaka 17 tuliishi Milton Keynes, na huko tukachukua uraia wa Uingereza. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo tulipoupata ule tukaupoteza huu. Siku ile hatukuona uzito wake. Pasi ni karatasi tu, tulisema. Uzito tuliuona tulipotaka kuasili, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ndiyo inayotumika huku Bara, inataka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Na mgeni ndio sisi. Tulimsomea binti wa ofisini majina yetu na ya babu zetu, kwa Kiswahili chetu cha mjini, akacheka kwa upole, kisha akaandika: raia wa kigeni.

Kazi iliyopatikana ilikuwa Arusha, na nyumba tuliyoimudu ilikuwa Nduruma. Wenyeji wanasema huku ni bondeni, kuna joto. Sisi mwezi wa saba tunalala na soksi. Kiangazi vumbi linaingia mpaka ndani ya birika, na maji ya mto yanagawiwa kwa zamu kupitia mifereji. Jirani yetu, bibi wa Kiarusha tunayemwita Koko kama wajukuu zake wanavyomwita, huamka saa nane za usiku zamu yake inapofika, akashika jembe na tochi kwenda kuyafungulia maji yaingie kwenye vitunguu vyake. Ametufundisha kula loshoro. Sisi tumempikia mkate wa kumimina, akasema ni mzuri lakini haushibishi.

Koko amelea wajukuu watatu wa marehemu bintiye. Hakuna hakimu aliyemuuliza kitu. Tulipomweleza habari ya maombi, ripoti na Mahakama Kuu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani huyo mtoto anawakataa?"

Hatukataa. Tulimkuta kwenye makao ya watoto tuliyokuwa tukienda kusaidia Jumamosi, wakati huo hajatimiza miaka mitatu. Jina lake hatulitaji hapa, bado si haki yetu. Siku ya kwanza tulimnyooshea mkono aubusu, kama tulivyozoea kwetu. Yeye akainamisha kichwa, kama watoto wa huku wanavyomwamkia mkubwa, akangoja aguswe utosini. Tukabaki hivyo, mkono hewani na kichwa chini, mpaka mlezi akatuonyesha la kufanya.

Afisa ustawi wa jamii alituruhusu kumtembelea kwa sharti moja: tusimwahidi chochote. Familia nyengine ikipatikana kabla yetu, na ikimfaa, ataenda. Dada zetu, jaribuni kumpenda mtoto bila ya kumwambia "kesho". Tulikuwa tunasema "ukiamka salama". Na kuna ofisi moja iliyolipoteza faili letu miezi minne, likaja kupatikana chini ya faili la mtu mwengine. Hatukupiga kelele. Tulilia kwenye daladala.

Kilichotugombanisha sisi kwa sisi kilikuwa jina. Mmoja wetu alitaka mtoto aitwe jina la babake aliyefariki. Ni hamu ya miaka mingi, na hatuicheki. Lakini Surat Al-Ahzab, aya ya tano, inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na huyu hana kitu duniani ila jina aliloachiwa na mama yake. Zanzibar sheria ya watoto ya mwaka 2011 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto bila ya kumbadilisha nasaba. Huku Bara njia iliyopo ni malezi ya kambo na kuasili. (Neno hilo la kambo lilitushtua, maana kwetu mama wa kambo ana sifa zake.) Sheikh tuliyemwendea alitwambia tusiiogope karatasi ya mahakama, ila jina tusiliguse, na kwa kuwa dini haimrithishi mtoto wa kulea, tumwandikie wasia usiozidi theluthi. Ugomvi ulichukua msimu mzima wa vitunguu. Tungepewa mtoto mwaka wa kwanza, angekuwa na jina jengine.

Jumamosi tukitoka makaoni hupita soko la Tengeru. Karibu na hapo kuna makaburi ya Wapoland, wakimbizi waliohifadhiwa Tengeru wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miongoni mwao walikuwamo yatima wengi, na mwaka 1949 zaidi ya 100 walipelekwa Canada kuanza upya. Tukipita hapo huwa tunawafikiria wale watoto, miaka yote ile kambini, wakitazama mlima huu huu.

Sweta ya kwanza tulinunua Tengeru mwezi wetu wa pili, ya buluu, tukaiweka kabatini mpaka atakapokuja kwetu. Mwaka huu tuliitoa kuipima kwa macho, tukaona haitamwingia hata kichwa. Koko akaichukua kwa kitukuu chake. Imebaki miezi mitano miaka mitatu itimie, na baada ya hapo yapo ya maafisa na ya mahakama.

Jumamosi iliyopita tulisimama tena kwenye meza ya mitumba. Muuzaji akauliza, mtoto ana miaka mingapi? Mmoja wetu akajibu mitano. Mwengine, papo hapo, akajibu sita.

Tumechukua ya sita.