Kutoka Masasi Hadi Newala, Katika Nyayo za Mkusanyaji

Msafiri atokaye Masasi kwenda Newala huiacha nyuma milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja katika tambarare, kisha hupanda mpaka juu ya Uwanda wa Makonde. Huku juu ni mchanga, mikorosho na vichaka. Mto hakuna. Mvua yote humezwa na mchanga, ikatokea tena chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni.

Mwaka 1906 alipita huku Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Aliteremka Lindi, akafika Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda Newala na Mahuta. Vita vya Majimaji vilikuwa havijazimika. Mgeni mwenye askari anapokuja kununua kinyago katika nchi iliyotoka kuchomwa moto, sijui bei yake tuiite biashara au tuiite jina gani.

Alirudi kwao na vinyago, vyungu, silaha, picha, filamu, na nyimbo zilizonaswa katika mitungi ya nta. Baadhi ya mali ya makumbusho yale iliteketea kwa mabomu ya Desemba 1943.

Makumbusho ya zama zile yalipenda kumwonyesha mwanadamu katika “mazingira yake ya asili”, kama wanavyopangwa wanyama waliokaushwa mbele ya miti ya kuchora. Weule alihudhuria hata unyago wa wasichana, na kamera yake ilikuwa naye. Sisi tunaojua uzito wa sitara tuna haki ya kuuliza: bibi zetu waliulizwa? Picha ya mama asiye na jina, ikitazamwa na wapita njia wa mji wa mbali, haiwi elimu kwa sababu tu imewekewa kioo.

Hata hivyo tumtendee haki. Weule aliwapa watu karatasi na kalamu wachore wapendavyo, na baadhi ya michoro ile aliichapa pamoja na majina ya wachoraji. Mmoja wao ni Pesa Mbili, mkuu wa wapagazi wake. Katika mchoro ule mtazamaji ni yeye, Pesa Mbili, na kinachotazamwa ni dunia aliyoiona kwa macho yake.

Ukifika Newala, nenda Shimo la Mungu, ukingoni ambapo ardhi huanguka ghafla na macho hufika hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng’ambo. Kwenye miteremko ya uwanda huu ndiko wanawake walikoshuka kufuata maji, vizazi kwa vizazi, wakapanda tena na vyungu vimejaa. Chungu kilichomo kabatini ni kitupu. Siku hizi maji husukumwa kwa mashine kutoka bonde la Kitangari. Yakikatika, ndoo hurudi kichwani, na kichwa chenyewe aghalabu ni cha mama au binti.