Friji Nilikuwa Nayo, Pampu Sikuwa Nayo

Najua mmezoea nikiongea habari za programu na simu, lakini leo nataka niwasimulie jinsi nilivyokaribia kuizamisha pikapu ya mjomba baharini. Hesabu zitakuwepo, msijali.

Mwaka jana mimi na mtoto wa mjomba tulipanga kupiga kambi siku mbili: usiku wa kwanza Shimba Hills, wa pili upande wa Msambweni. Mjomba akatupa pikapu yake, ile anayobebea nazi kupeleka soko la Kongowea. Gari hilo ndilo linalolipa karo ya nyumba nzima.

Mimi, kama kawaida ya watu wa kompyuta, nikatengeneza jedwali la vifaa. Wiki mbili nilihangaika na friji tu. Friji ya wati 45, kwa joto letu la pwani, huenda ikafanya kazi nusu ya muda. Saa 24 ni kama wati-saa 540. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya risasi ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema. Zinabaki 600. Basi, siku moja tu! Nikaongeza sola. Nikajiona mtaalamu kweli kweli.

Shimba Hills mambo yalikuwa mazuri. Tulimwona palahala, ambaye Kenya nzima anapatikana huko tu porini. Chakula tulikifungia ndani ya gari, maana hifadhi ile ina ndovu na hutaki wanuse maembe ndani ya hema lako.

Siku ya pili tukashuka Msambweni. Tulifuata njia ya mchanga kati ya minazi mpaka diko la wavuvi, saa tano asubuhi. Bahari ilikuwa imetoka mbali kabisa. Nikasogeza gari mbele kidogo tupate kivuli cha mtumbwi mkubwa. Magurudumu yakazama. Nikakanyaga mafuta, yakazama zaidi, mpaka tumbo la gari likakaa juu ya mchanga.

Akaja mzee mmoja, akatazama gari, akatazama bahari.

"Mwanangu, leo bamvua. Saa kumi hapo uliposimama ni maji."

Mwezi ulikuwa mpevu, na mimi nilikuwa nimeutazama usiku kucha kule mlimani bila kufikiri. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa huku kwetu hupita mita 3, na maji huchukua saa kama sita tu kupanda. Katika jedwali langu hapakuwa na safu ya bahari.

Mzee akapiga teke tairi. "Na upepo wote huu wa nini?"

Tukatoa upepo kwa ncha ya ufunguo. Tairi likilegea hulala, likakanyaga mchanga kwa eneo kubwa, uzito ukatawanyika. Koleo tuliazima. Vijana wakaleta makuti makavu, tukayasukuma chini ya magurudumu. Mara ya nne gari likatoka. Ilikuwa saa nane, na maji yalikuwa hatua chache nyuma yetu. Nilitetemeka mpaka nikashindwa kufungua chupa ya soda, baridi sana, kutoka kwenye ile friji yangu.

Sasa hatukuwa na pampu. Tairi lisilo na upepo likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka, kwa hiyo tulitambaa mpaka kwa fundi wa pancha Msambweni mjini.

Tangu siku hiyo kila kifaa nakiuliza swali moja: usipokuwepo, nini kitatokea? Friji isipokuwepo, nitakunywa soda ya moto. Pampu isipokuwepo, mtu anapoteza kazi yake. Kwa hiyo vinavyoingia kwanza ni hivi: maji ya kunywa, lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Koleo. Kamba ya kuvutia gari. Geji ya upepo; kwenye mchanga mimi hushuka kutoka PSI 32 hadi 18. Pampu ya volti 12, ya kubana moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa pampu kubwa huunguza fyuzi ya tundu la kiberiti. Ramani iliyopakuliwa kabla, na saa za maji kujaa na kupwa. Friji inakuja mwisho, nafasi ikibaki.

Tuliporudi, mjomba aliona vipande vya makuti vimenasa chini ya gari. Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo.

"Pampu utanunua," akasema, "na utaiacha humu humu garini."

Nilinunua wiki ileile. Haya, salama jamani, tutaonana tena.