Ya Njano

Mwenye gari akija kuchukua bampa lake lililopakwa kromu hujitazama humo kama kwenye kioo, akalipa, akaenda zake. Maji yaliyolisuuza bampa hilo hayaulizii. Mimi maji hayo ndiyo yalikuwa kazi yangu.

Nilikuwa kibarua katika karakana moja ya kuchovya vyuma, Dar es Salaam. Pipa letu lilikuwa na asidi ya kromu gramu 250 katika kila lita. Chuma kikitolewa humo kinachuruzika, na ile michuruziko inaishia kwenye maji ya kusuuzia, yakawa na rangi ya soda ya chungwa.

Fundi wetu, Mzee, ndiye aliyenifundisha kuyasafisha. Kwanza asidi ya betri, mpaka pH ishuke kwenye 2. Kisha unga wa sodiamu metabaisulfaiti, unaonuka kama kiberiti kilichowashwa. Hapo maji yanageuka kijani mbele ya macho yako, mshkaji, raha tupu! Mwisho chokaa, pH ipande mpaka 8 au 9, kromu igande iwe tope litulie chini.

"Usiruke hatua, mwanangu. Ya njano haiogopi chokaa."

Mzee aliijua ya njano. Mvuke wake ulikuwa umemtoboa ukuta wa katikati ya pua. Akivuta pumzi kwa nguvu, pua inapiga mluzi.

Siku moja unga uliisha. Mzee yuko msibani. Bosi akasema biashara ngumu, tia chokaa tu, kwani si dawa ileile? Nikatia, nikakoroga, nikangoja. Tope jeupe likatulia. Maji ya juu yakabaki njano, tena ya kung'aa kuliko mwanzo. Nilijua maana yake. Nikafungua bomba. Mfereji wetu unakwenda mtoni, na mto unapita bondeni wanakolima mchicha.

Jioni mama alikuwa amepika mchicha. Nikamwuliza kaununua wapi.

"Sokoni, wapi tena?"

Nikasema nimeshiba. Wadogo zangu wakagawana fungu langu, na mimi nikawatazama, kimya.

Usiku nikapiga hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri kromu katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Lita moja ya pipa letu ina kromu kama gramu 130. Kuizimua ifikie hapo unahitaji lita milioni 2.6 za maji safi. Yatoke wapi, kiangazi kile?

Mzee aliporudi nikamwamkia, nikamweleza. Hakunifokea, afadhali angefoka. Alichukua beseni kubwa la plastiki, akalijaza maji, akaliweka kando ya pipa: kila bampa lizamishwe humo kwanza, ndipo liende kusuuzwa. Pipa lina moto, linapoteza maji kwa mvuke, kwa hiyo kila asubuhi tukawa tunalijazia kwa maji ya beseni, na kromu inarudi kazini badala ya kwenda mtoni.

"Bosi mwambie tunabana matumizi," akasema. "Habari za mto hatazielewa."

Bosi alifurahi ile mbaya. Hata unga akanunua.

Lakini beseni halikamati yote. Tope la kijani liliendelea kujaa kwenye viroba, nyuma ya choo. Siku ninaacha kazi nilivihesabu: 41. Bosi akaniuliza kama namjua mtu yeyote mwenye shimo la kufukia.