Kizuri Chajiuza, Lakini Kionekane

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeitumia darasani mara zisizo na idadi, hadi siku moja dada yangu mkubwa aliponiuliza: "Na kizuri kilichofungiwa sandukuni, mdogo wangu, chajiuza kwa nani?"

Dada yangu ni mjane. Riziki yake hutoka katika ncha ya sindano. Hushona kofia za vito, kama walivyoshona wanawake wengi wa Lamu kabla yake. Kofia moja ya kazi nzito humchukua kiasi cha miezi miwili. Kwa miaka mingi alimwuzia dalali aliyefika mlangoni, akataja bei yeye, akalipa na kwenda zake. Kisha kofia ile ile tukaiona Mombasa ikiuzwa kwa zaidi ya maradufu. Ndipo wanawe waliposhauriana mama yao afunguliwe tovuti.

Tulimpata kijana aliyesifika kwa ujuzi wa kompyuta. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kalamu, nikakabidhiwa maneno. Nakiri kwamba kazi ile niliifurahia kupita kiasi. Niliandika kurasa mbili za dibaji, nikaieleza historia ya kofia katika Pwani yetu, nikazisifu kofia za dada yangu kuwa hazina kifani duniani. Bei sikuitaja hata moja. Kijana naye akaongeza picha zinazocheza na kuzunguka, na palipopungua picha za kofia zetu, akachukua za watu wengine kutoka mtandaoni.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Muscat, mji ambao kofia ya kushonwa kwa mkono ina heshima yake. Alilipa, akapelekewa kofia, kisha akaleta ujumbe wa adabu lakini mzito: hii siyo kofia niliyoiona. Alisema kweli. Dada yangu alimrudishia fedha zake zote, pamoja na gharama ya usafirishaji, kutoka katika akiba ya matumizi ya Idi. Usiku ule aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mikono yangu haijapata kusema uongo miaka thelathini. Mbona maneno yenu yamewasemea watu uongo kwa niaba yake?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyewasomesha vijana kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani kuna unyevu, akamkanya muuzaji kwa kuuficha chini badala ya kuuweka juu watu wauone. Kumbe sikuwa nimekifikiria kisa hiki kwa zama zetu. Anayenunua kwa simu hana mkono wa kuingiza katika rundo. Tovuti ndiyo mkono wake. Ikimficha jambo, imemfunga mkono.

Msiba haukuishia hapo. Kijana yule alikuwa amelisajili jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe. Alipohamia mji mwingine kutafuta kazi, mwaka ukatimia, ada haikulipwa, tovuti ikazimika. Dada yangu alikuwa na duka ambalo ufunguo wake hakuwa nao.

Mara ya pili kazi iliongozwa na binti yake wa mwisho, mpwa wangu, nami nikakaa kama mwanafunzi. Kwanza alisajili jina jipya linaloishia na .co.ke, majina ambayo husimamiwa na KeNIC na kusajiliwa kupitia mawakala wake. Alilisajili kwa jina la mama yake, na nywila ikaandikwa katika daftari la nyumbani. Mama msomaji, hata ukifanyiwa kazi na mwanao wa kumzaa, hakikisha jina la tovuti ni lako, na tarehe ya kulipia unaijua.

Kisha akapiga picha upya, asubuhi, karibu na dirisha, bila taa ya simu: kofia kwa juu, kwa ubavu, na kwa ndani ambako fundi hodari hujulikana. Kofia moja aliipiga ikiwa nusu, sindano bado imo. Dada yangu hakutaka uso wake uonekane, na hakulazimishwa. Mikono yake ilitosha. Picha zilizotoka simuni zilikuwa na uzito wa megabaiti tatu hadi nne kila moja. Mpwa wangu alizipunguza hadi chini ya kilobaiti mia mbili, akanieleza: "Mjomba, anayetumia bando la shilingi ishirini hatangoja."

Zikaja zamu za maneno. Dibaji yangu ya kurasa mbili ikawa sentensi tatu: nani hushona, wapi, na kwa muda gani. Chini ya kila kofia pakaandikwa bei, siku za kungoja, na namna ya kupima kichwa kwa tepu juu ya masikio. Pakaandikwa pia masharti ya kurudisha mali. Kiswahili kilitangulia, Kiingereza kikafuata. Majina na nambari za wateja hazitumiwi kwa jambo jingine. Ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yataka hivyo.

Kabla ya kuifungua kwa watu, mpwa wangu alimwita jirani yetu, akampa simu na kumwambia, "Mama, jaribu kununua kofia." Kisha akanyamaza kimya. Nilitaka kumwelekeza yule mama, nikazuiwa kwa jicho. Aliiona kofia, akaiona bei, lakini nambari ya kupiga akaitafuta mpaka akachoka. Nambari ikapandishwa juu kabisa, na kitufe cha WhatsApp kando yake. Somo lile lilinizidi kimo: aliyejenga nyumba hajui mlango ulivyojificha, mgeni ndiye ajuaye.

Nilisoma baadaye kwamba tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee kule CERN, ilikuwa maandishi matupu na viungo, haina hata picha. Nikacheka peke yangu nikizikumbuka zile picha zilizokuwa zikizunguka.

Sitasema dada yangu ametajirika. Maagizo huja mawili matatu kwa mwezi, na huongezeka Ramadhani inapokaribia. Dalali bado huja. Tofauti ni kwamba akitaja bei, dada yangu humfungulia simu na kumwonyesha bei iliyoandikwa, na dalali hukaa kitako wakazungumza kama watu wawili wenye mali.

Juzi aliniomba nimwandikie maneno ya kofia mpya. Nikaandika kwamba ni ya uzi mweupe, ina kosa dogo la mshono upande wa nyuma, na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo. Aliyasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kofia iliuzwa siku ya tatu, na mnunuzi hakulalamika.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na maneno yasiyozidi kazi ya mikono yetu.