Barua Ndani ya Kikapu cha Sadaka



Kila Ijumaa, baada ya Misa ya asubuhi, wachache kati yetu wanachama wa chama cha walei huenda kusaidia katika kituo cha afya kilicho jirani na parokia yetu, hapa Kalemie. Kazi yetu si ya kitaalamu. Tunawapanga akina mama kwenye mabenchi, tunaandika majina katika daftari, na tunamtuliza mtoto wakati muuguzi anapouzungushia mkono wake utepe wa kupimia. Utepe huo una rangi tatu. Rangi ya kijani maana yake mtoto yu salama. Ya njano maana yake aangaliwe kwa karibu. Nyekundu, yaani mkono ambao unene wake haufikii sentimita 11 na nusu, maana yake mtoto ana utapiamlo mkali na asipotibiwa anaweza kufa.

Kwa miaka mingi mtoto wa rangi nyekundu alikuwa na njia ya kupona. Alipewa paketi za Plumpy'Nut, yaani karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Chakula hicho hakihitaji moto wala maji. Mama hukata pembe ya paketi na mtoto hunyonya. Nimeona kwa macho yangu watoto walioletwa wakiwa hawawezi kuinua kichwa, na baada ya wiki sita au nane wakarudi wakimvuta muuguzi joho lake. Juu ya maboksi ya paketi hizo palikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani. Sikuwahi kuyatafakari maneno hayo. Tuliyakanyaga tu, kwa maana maboksi matupu tuliyatandika chini ili akina mama waliokosa benchi wasikalie vumbi.

Tarehe 20 Januari 2025, siku alipoapishwa, Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kwa siku 90 msaada wa nchi yake kwa nchi za nje, ili uchunguzwe upya. Sisi hatukuisikia habari hiyo siku ile. Tuliisikia baadaye, kwa njia ya kabati: maboksi yalipungua, kisha yakaisha, na mengine hayakuja. Tarehe 1 Julai mwaka uleule, USAID, shirika la serikali lililosimamia misaada hiyo tangu 1961, lilikoma kufanya kazi yake. Mjue kwamba katika mwaka 2024 takribani asilimia 70 ya fedha zote za msaada wa dharura nchini mwetu zilitoka kwa serikali hiyo moja. Mwenye kuegemea nguzo moja, nguzo hiyo ikiondolewa, hana budi kuanguka.

Katika majuma hayo alikuja mama mmoja na mtoto wake wa kike, umri wa mwaka mmoja na nusu. Utepe ulionyesha nyekundu. Muuguzi hakusema kitu. Alifungua kabati ili mama ajionee mwenyewe kwamba kunyimwa kwake si uchoyo. Mama alitazama, akashukuru, akamfunga mtoto mgongoni. Ijumaa iliyofuata alirudi. Kabati lilikuwa vilevile.

Jioni ile nilikuwa na hasira nyingi, na kwa bahati yaya wangu alinipigia simu. Huyu ni dada yangu mkubwa. Wakati wa vita alivuka ziwa, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, kabla ya kupokelewa Marekani. Sasa anaishi Kentucky, anafanya kazi za usiku, na amepata uraia. Nilimmwagia uchungu wangu kana kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi ile amri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mdogo wangu, Jumapili hii tumeweka barua katika kikapu cha sadaka.”

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba baada ya Misa waliandaliwa meza, karatasi na kalamu, na kila aliyetaka alimwandikia mbunge wake kumwomba asiwaache wenye njaa wa nchi nyingine. Barua hizo zilipelekwa altareni pamoja na vipaji, ndipo zikatumwa. Yeye aliandika, kwa Kiingereza anachokiita kibovu, kwamba alilishwa kambini kwa chakula cha msaada, kwamba leo analipa kodi, na kwamba anataka sehemu ya kodi yake imlishe mtoto mwingine.

Nikacheka kwa dharau. “Yaya, karatasi itamlisha nani?”

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza bila hasira: “Na wewe, mdogo wangu, umemwandikia nani?”

Sikuwa na jibu. Lakini swali hilo lilinisukuma kutafuta kujua, na ninawashirikisha kwa kifupi yale niliyojifunza.

Kwanza, desturi ile ya barua si jambo geni. Ilienezwa tangu miaka ya sabini na Bread for the World, chama ambacho mchungaji mmoja wa Kilutheri mjini New York, Art Simon, alikianzisha pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti wenzake. Walikuwa wameona kwamba sadaka ya Jumapili, hata ikiwa kubwa namna gani, ni ndogo mno mbele ya njaa ya dunia. Lakini sahihi moja katika bunge yaweza kufungua ghala ambalo parokia elfu haziwezi kulijaza. Maaskofu wa Marekani nao wana shirika lao, Catholic Relief Services, lililoanzishwa 1943 kuwahudumia wakimbizi wa vita vya Ulaya na ambalo leo linafanya kazi hata hapa Kongo. Shirika hilo halikusanyi sadaka tu. Huwahimiza waumini waiombe serikali yao isiwasahau maskini. Na mwezi Februari 2025 Caritas Internationalis ilitangaza mbele ya dunia nzima kwamba kuukata msaada huo ghafla kungegharimu maisha ya watu wengi mno.

Pili, mzigo wenyewe si mkubwa kama tunavyodhani. Kwa miaka mingi msaada wa Marekani kwa nchi za nje ulikuwa takribani asilimia 1 tu ya matumizi ya serikali yake, ingawa raia wengi wa huko, wakiulizwa, hukisia kwamba ni sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Kutojua huko ni adui wa maskini. Asiyejua kwamba anatoa senti moja katika dola hudhani ananyang'anywa kanzu.

Nilipoyasimulia hayo katika mkutano wa vijana wa parokia, kijana mmoja alisimama akasema: “Yaya, usitudanganye. Serikali haina moyo. Hutoa kwa faida yake.” Wengi walimpigia makofi, nami sikuweza kumkanusha. Historia yetu wenyewe inamshuhudia. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu 1965 hadi 1997, Mobutu alitawala nchi hii, na serikali za Magharibi zilimkopesha fedha nyingi kwa sababu zilimhitaji katika mashindano yao na Urusi ya Kisovyeti. Fedha hizo nyingi hazikuonekana shuleni wala hospitalini, lakini deni lilibaki juu ya migongo ya wananchi, hata ya wale waliokuwa hawajazaliwa.

Hata hivyo, simulizi hilo halikuishia hapo. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiliandaa Kanisa kwa Yubilei ya mwaka 2000, aliomba madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana, ikiwezekana yafutwe kabisa, kama ilivyokuwa desturi ya mwaka wa Yubilei katika Agano la Kale. Ombi hilo lilipokelewa na waumini wa madhehebu mengi. Tarehe 16 Mei 1998, wakuu wa mataifa tajiri walipokutana Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kufanya mnyororo katikati ya mji ule. Wengi wao walikuwa watu wa parokia za kawaida. Mwaka uliofuata mpango wa kusamehe madeni ulipanuliwa, na mwezi Julai 2010 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ziliidhinisha Kongo kupunguziwa deni la dola bilioni 12.3. Sisemi kwamba mnyororo ule peke yake ndio uliofanya kazi hiyo. Nasema kwamba waliokuwa wameshikana mikono hawakutujua majina, nao walizisumbua serikali zao kwa ajili yetu.

Basi nilimjibu yule kijana hivi: ni kweli kwamba serikali haina moyo. Ndiyo maana inahitaji watu wenye moyo waisukume kutoka ndani. Papa Paulo wa Sita aliliona hilo tangu 1967, alipoandika waraka wake kuhusu maendeleo ya mataifa na kupendekeza mfuko wa dunia utakaotokana na sehemu ya fedha za silaha. Hakuwaambia watu binafsi tu. Aliwaambia wenye madaraka. Hata katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, wanaokusanywa mbele ya kiti cha Mwana wa Mtu ni mataifa yote, nasi tumezoea kuisoma sura hiyo kana kwamba inahusu mfuko wa mtu mmoja mmoja pekee.

Nilijiona nimejibu vizuri. Ijumaa iliyofuata yule mama alikuja tena kituoni, na mgongoni hapakuwa na mtoto. Alikuwa amekuja kurudisha kadi, kwa sababu alidhani kwamba ni mali ya kituo. Muuguzi aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na daftari mbele yangu, na jina la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wangu mara tatu.

Usiku ule swali la yaya wangu lilirudi kwa uzito mwingine. Nilikuwa nimewakasirikia walioko ng'ambo, kisha nikawasifu walioko ng'ambo. Na katika hasira na katika sifa, mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa. Kituo kile kipo katika mji wangu. Kina serikali yake, na serikali hiyo ni yangu. Mwezi Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Je, nimewahi kumkumbusha mtu yeyote ahadi hiyo? Yaya wangu, mkimbizi wa jana, alikuwa amemwandikia mbunge wake kwa lugha isiyo yake. Mimi, katika nchi yangu, sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Someni tena, vijana, sura ya 8 na ya 9 ya Barua ya Pili kwa Wakorinto. Mtakatifu Paulo anakusanya mchango kwa ajili ya wakristu maskini wa Yerusalemu, na mfano anaouweka mbele ya Wakorinto si wa matajiri. Ni wa makanisa ya Makedonia, watu waliokuwa katika dhiki na ufukara, ambao walisihi wenyewe wapewe neema ya kuchangia. Anayepokea leo si wa kupokea tu siku zote. Maskini naye ana deni la upendo, na heshima yake imo katika kulilipa.

Tulifanya mambo mawili madogo. Kwanza, tulipanda karanga na soya katika kipande cha shamba la parokia, na mavuno tunawasagia watoto unga wa uji. Nawaambieni ukweli: uji huu haumponyi mtoto wa nyekundu, dawa yake ni ile iliyokwisha kabatini. Lakini waweza kumzuia mtoto wa njano asifike huko. Pili, tuliandika barua 23 kwa wabunge wa mkoa wetu, tukiomba kwa adabu kituo kitengewe fungu katika bajeti. Baadhi ya wenzetu waliogopa kutia sahihi, na hatukuwalazimisha. Mzee mmoja alinung'unika kwamba tunaingiza siasa kanisani. Paroko alimjibu kwa upole kwamba barua hizi hazimwombei mtu kura, zinamwombea mtoto chakula. Kisha akaziruhusu ziletwe wakati wa vipaji, zikae ndani ya kikapu kati ya noti za faranga na mihogo.

Mpaka ninapoandika haya hatujapata jibu, na msaada wa ng'ambo bado haujarudi kama zamani. Yaya wangu naye alipokea jibu la mistari michache, lililokwisha kuchapwa, lenye sahihi ya mashine. Ameandika barua ya pili. Nasi tunaandaa ya pili.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kusali, jiulizeni ni nani karibu nanyi aliye katika rangi nyekundu, na ni nani mwenye ufunguo wa kabati lake. Kisha kila mmoja ajiulize lile swali nililoulizwa mimi: nawe, umemwandikia nani?